Kitone Kikubwa Kuliko Vyote

Duka la kuchapisha lililo mkabala na lango la chuo hufurika kila mwisho wa muhula, na siku hiyo watu walikuwa wamejaa hadi nje. Mashine zinavuma, hewa inanuka wino wa moto, na kila mtu anadai yeye ndiye mwenye haraka. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mtafiti mmoja, binti wa gauni la njano na hereni kubwa za mbao, jasho likimtiririka shingoni, anangoja bango lake limalize kutoka kwenye mashine.

"Wewe mrefu hapo!" fundi wa mashine akapaza sauti. "Hebu shika ncha ile, karatasi isiguse sakafu."

Mrefu mwenyewe alikuwa kijana wa koti jeupe lililopauka, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. Alikuja kuchapisha vibandiko vya droo, si kushika mabango ya watu. Hata hivyo akashika. Bango likaendelea kutoka, na kadiri lilivyotoka ndivyo na macho yake yalivyomtoka.

"Samahani, dada. Hizi ni tambi?"

"Huo ni utafiti wangu wa miaka miwili."

"Lo, pole. Utafiti wa tambi?"

Watu wakaangua kicheko. Mtafiti hakucheka. Akamweleza kwa sauti ya mtu aliyeeleza sana na hajawahi kueleweka: upande huu ni mimea ya dawa za jadi za Kichina, katikati ni kemikali zilizomo ndani ya mimea hiyo, upande ule ni protini za ubongo zinazoharibika mtu anaposhikwa na ugonjwa wa kusahau au wa kutetemeka. Kompyuta inasoma maandishi ya watafiti wa dunia nzima, na kila inapokuta kemikali fulani imetajwa kugusa protini fulani, inachora mstari. Kila kimoja ni kitone, na kitone chenye mistari mingi kinachorwa kikubwa.

"Kwa hiyo mwenye marafiki wengi ndiye mnene."

"Ukipenda kusema hivyo, haya."

Kijana akainama, akaweka kidole kwenye kona ya kushoto. Utani ukamtoka usoni. "Huu mzizi umeuweka mbichi. Nani kakuambia unanywewa mbichi? Sisi tunaupika kwa mvuke, tunaukausha, tunaupika tena, mpaka unakuwa mweusi. Ukiwa mbichi unavuruga tumbo na ini. Hapa umechora mzizi ambao hakuna mgonjwa anayepewa."

Mtafiti akalivuta bango kwake. "Wewe ni nani?"

"Mpimaji. Duka la dawa za Kichina, nyuma ya benki. Napima, nafunga, natoa."

Mkutano wa kuonyesha bango ulikuwa kesho yake. Alijua kijana kasema kweli, maana hata yeye aliwahi kulitilia shaka jambo hilo, ila kanzidata aliyoitumia ilikuwa na mzizi mbichi peke yake. Basi akafanya wanavyofanya watu wenye mkutano kesho: akalikunja bango, akajiambia atarekebisha baadaye. Hiyo baadaye, nakuambia mapema, haikufika kwa wakati.

Wiki moja ikapita, akaenda kwenye lile duka la dawa. Alimwambia dada yake anayeishi naye kwamba anakwenda kwa ajili ya kazi. Dada mtu ni mshonaji wa nguo za maharusi, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Akamtazama juu hadi chini.

"Kwa ajili ya kazi ndiyo umepaka wanja?"

Duka lilikuwa na ukuta mzima wa droo ndogo za mbao, na harufu ya udongo, maganda makavu ya machungwa na kitu kichungu kisichojulikana. Mpimaji alikuwa kazini. Kila mmea aliupima kwa mizani ya mkono, akaumwaga peke yake juu ya karatasi pana, kilima hiki hapa, kile pale, visigusane. Mwenye duka, mama wa Kichina mwenye miwani ya kamba, alikuja akavikagua kimoja kimoja kabla havijachanganywa. Akikuta kosa hasemi neno. Anamrudishia karatasi nzima aanze upya.

Mtafiti alikwenda kuangalia mzizi, akarudi kuangalia maganda, akarudi tena kuangalia sijui nini. Kufikia mwezi wa pili hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu. Mapenzi na kikohozi havifichiki. Kijana alishampa jina, Mistari, naye akamwita Mizani, na simu zao dada mtu alizijua kwa moyo.

"Halo, Mistari wangu. Umekula?"

"Nimekula data."

"Data haina chumvi, laazizi. Utakonda, halafu nitapima nini?"

"Mshenzi wewe!"

"Wako peke yako. Haya niambie, kile kitone kikubwa kinaendeleaje?"

Swali hilo halikukosekana. Mwanzo lilimpendeza sana Mistari. Hakuna mwanamume aliyewahi kuulizia vitone vyake, wengi walisinzia alipofika kwenye protini. Huyu alitaka kujua kimeunganishwa na nini, mimea gani inacho, kimezidi vingine kwa mistari mingapi. Lakini kadiri siku zilivyokwenda ikamjia kwamba hajui ni nani anayejuliwa hali, yeye au kitone. Naye alikuwa ameshapenda, tena kupenda kule kwa kujisahau. Kwa hiyo jambo moja tu likawa linamnyima raha: huyu ananitaka mimi, au anataka kilichomo kwenye kompyuta yangu?

"Hivi wewe," alimwuliza siku moja wamekaa kwenye benchi nje ya duka, "ningekuwa nasomea mawe, ungenipenda?"

"Mawe ya aina gani?"

"Nijibu!"

Akanyamaza. Hakunyamaza sana, ila mpenzi huhesabu hata pumzi. "Ningekupenda," akasema. "Ila tungechelewa kujuana."

Jibu zuri hilo. Au lilikuwa zuri kupita kiasi? Mistari alilala nalo, akaamka nalo, asijue alicheke au alililie.

Halafu kulikuwa na jambo la nyumbani kwao. Kila siku saa kumi na moja jioni kamili Mpimaji anavua koti, anaondoka mbio. Hajawahi kumpeleka kwao, hajawahi hata kumwonyesha mtaa.

"Tutakwenda," husema.

"Lini?"

"Mambo yakitulia."

"Mambo yapi?"

"Mistari, roho yangu, usinikamue."

Dada mtu, sindano mdomoni, alitoa hukumu yake bila hata kuinua kichwa. "Mwanamume anayeficha nyumba anaficha mtu. Mdogo wangu, fungua macho."

Jumapili moja asubuhi Mistari akapiga simu. Ikapokewa na mwanamke.

"Halo?"

"Samahani, naomba kuongea na mwenye simu."

"Mume wangu anaoga. Nani mwenzangu?"

Simu ilimponyoka. Haikuwa sauti ya kisichana, lakini nani ana akili ya kupima sauti wakati kama huo? Dakika tano baadaye Mpimaji akampigia, anahema.

"Ulinitafuta, mpenzi?"

"Nani kapokea simu yako?"

Akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Nakuuliza. Una mke?"

"Sina mke! Wallahi sina."

"Basi yule ni nani?"

"Ni jambo refu."

"Lifupishe."

"Siwezi. Nilimwahidi mtu sitasema."

"Mtu gani?"

"Huyo huyo."

Sasa hapo wewe ungeelewa nini? Mistari alibaki anaitazama simu. Hana mke, kuna mwanamke anayemwita mume, na mwanamke huyo ndiye aliyeahidiwa siri. Kila alipojaribu kuunganisha, mistari ilikatana. Kesho yake akavaa suruali nyeusi na blauzi nyeusi, hereni akaziacha mezani, akaenda dukani kuyamaliza.

Mpimaji alikuwa stoo. Mistari akasimama kwenye kaunta, na macho yakaangukia karatasi iliyobandikwa upande wa ndani. Ulikuwa mchoro wake. Umepigwa picha, ukachapishwa, kile kitone kikubwa kikazungushiwa kalamu nyekundu, mistari yake ikafuatwa hadi kwenye mimea mitano, na kila mmea ukatiwa alama ya vema. Chini yake palikuwa na fungu la dawa lililofungwa kwa uzi. Mafungu yote pale dukani huandikwa jina la mgonjwa. Hili halikuwa na jina.

"Hii nini?" akauliza Mpimaji alipotokea.

Uso ulimshuka. "Ni mchoro wako."

"Naona ni wangu. Nani alikuruhusu?"

"Siku ile uliponiachia kompyuta ukaenda kununua maji..."

"Unauza! Unawauzia watu dawa ya kusahau kwa mchoro wangu ambao hata profesa wangu hajaupitisha!"

"Siuzi, Mistari. Mungu anaona."

"Basi hili fungu la nani? La mkeo?"

Akafungua mdomo. Akamtazama mwenye duka, ambaye alikuwa amesimama na miwani mkononi haelewi kinachoendelea. Akaufunga mdomo.

"Siwezi kusema."

"Basi kaa nalo. Na usiniite Mistari tena."

Alimzuia kwenye simu kabla hajafika barabarani. Nyumbani akalia mpaka dada yake akaacha ukali, akamchemshia chai na kumfunika shuka. Chai ikapoa. Kilichomtesa zaidi ni kwamba hata hasira yenyewe haikukaa sawa. Kama ni mwizi, mbona hauzi? Kama ni mume wa mtu, mbona alikuwa na uso wa mfiwa? Kumchukia hakuweza, kumsamehe hakujua amsamehe nini.

"Sijui nimeachwa au nimeacha," alimwambia dada yake.

"Umeepushwa."

"Mbona siumii kama aliyeepushwa?"

Dada mtu akachukua kikombe, akaenda kuipasha chai upya.

Siku ya nane, saa sita mchana, simu ya mezani ya maabara ikalia. Namba yake ilikuwa imeandikwa chini ya lile bango. Profesa akapokea, akasikiliza, akamnyooshea mkono wa simu. "Yako. Kuna mtu analia."

"Usikate," sauti ya Mpimaji ikasema. "Nakuomba usikate. Mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu mzazi. Macho yamekuwa ya njano, anatapika tangu jana. Daktari anauliza amekunywa nini, ninamtajia majina yetu ya dukani, halijui hata moja. Wewe una orodha ya kemikali zote."

"Mama yako amekunywa nini?"

"Kitone chako," akasema. "Nimemnywesha kitone chako."

Alikwenda hospitali kompyuta ikiwa begani na kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Wodini alimkuta daktari wa kike, mwenye kalamu tatu mfukoni na subira kidogo, na kitandani mama mwembamba, nywele zimechanwa kwa uangalifu, macho ya njano yanazunguka dari. Mistari akafungua orodha, akasoma mmea mmoja mmoja na kemikali zake, daktari anaandika. Alipofika kwenye mzizi, kidole kikasimama.

"Huu alikunywa mweusi au mbichi?"

Mpimaji akatazama sakafu. "Mbichi."

"Wewe! Wewe uliyeniambia kwa mdomo wako..."

"Mchoro ulisema mbichi. Nikaona kompyuta imesoma maandishi ya dunia nzima, mimi nimesoma droo tu. Mwenye duka sikumwonyesha. Nilijua angenirudishia karatasi."

Daktari akainua kichwa. "Kwa siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Asinywe tena hata tone. Mmewahi, ila msinishukuru bado. Ini tutaliangalia." Akaondoka na karatasi yake.

Walisimama kwenye ujia, ukuta huu na ukuta ule, wauguzi wakipita katikati yao na matoroli.

"Mama alikuwa mwalimu mkuu," Mpimaji akasema. "Shule nzima ilikuwa inatetemeka akikohoa. Alipoanza kusahau aliniapisha, mtu yeyote asimwone hivi. Siku hizi ananiona mimi ni marehemu baba. Mama ndiye uliyemsikia kwenye simu. Saa kumi na moja jirani anayemwangalia anaondoka, ndiyo maana nakimbia."

"Mimi nasomea ugonjwa huo huo! Ungeniambia mimi!"

"Ndiyo sababu. Niliogopa utamtazama kama unavyotazama vile vitone."

Hilo lilimchoma, kwa sababu hakuwa na uhakika kwamba ni uongo. Akavuta pumzi. "Unajua kile kitone kikubwa ni nini? Ni kemikali iliyomo hata kwenye vitunguu. Hata kwenye majani ya chai! Kimekuwa kikubwa kwa sababu kimeandikwa sana, na kimeandikwa sana kwa sababu ni rahisi kukipata. Hakijamponya mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Ulikuwa unauliza kinaendeleaje, kama mjomba." Machozi yakaanza kumtoka. "Na mimi nilijua mzizi umekosewa tangu siku ile ya bango. Nikauacha, maana mchoro ulipendeza. Mama yako tumemnywesha sumu sisi wawili."

Mfa maji haachi kutapatapa, na pale ujiani walikuwa wawili. Mpimaji alifuta uso kwa mkono wa koti.

"Nijibu sasa," Mistari akasema. "Ulinifuata mimi au dawa?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Siku ya bango nilifuata dawa, sitakudanganya. Halafu ikawa nakupigia simu nasahau kuulizia kitone, nakata, nakumbuka, inabidi nipige tena. Iligeuka lini, sijui. Nimejaribu kujipima, mizani haitulii."

Mistari alitaka kumzaba kibao, alitaka kumkumbatia, na mikono ni ile ile miwili. "Basi na mimi nikwambie. Sina dawa. Labda miaka ishirini ijayo, labda isipatikane kabisa. Ukiwa na mimi, una mtu asiye na dawa ya mama yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa tangu jana alipoanza kutapika."

"Na bado ukanipigia?"

"Nilipiga kwa ajili ya orodha. Lakini ulipotokea pale mlangoni na kamba ya kiatu inaburuta, orodha niliisahau. Wewe ndiye uliyeanza kuisoma."

Mistari aliinama akafunga kamba, kwa muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji, na aliposimama akasimama kwenye ukuta wa upande wa Mpimaji.

Kesho yake alimfungulia profesa mchoro, akamwonyesha mzizi, akafuta kazi ya miezi saba. Profesa hakufurahi. Mchana alikuwa wodini, na kila mchana uliofuata. Njano ikapungua machoni mwa mama, akaanza kuomba uji, akaanza kuwagombeza wauguzi kwa kuchelewa, na daktari akasema hiyo ni dalili njema. Kati ya hao wawili mambo hayakuwa yamesemwa. Waligawana zamu, waligawana chungwa, walikaa bila kushikana mikono. Dada mtu aliuliza kwenye simu, "Kwani mmerudiana?" Mistari akasema hajui, na kweli hakujua.

Siku ya kumi na moja mama akaruhusiwa kutoka. Walimkuta amekaa karibu na dirisha, gauni la buluu, kola imenyooka, mikono mapajani kama yuko mbele ya mkutano wa wazazi. Akamtazama Mistari kwa jicho la mwalimu mkuu, kisha akamgeukia Mpimaji.

"Mume wangu, huyu binti ni nani? Kila siku yupo."

Mpimaji akakwama. Aseme nini? Akisema ni mpenzi wake, mama atasikia mumewe kaleta hawara wodini. Akisema ni muuguzi, ataendelea kuficha, na kuficha ndiko kulikomleta mama pale. Akamtazama Mistari.

Mistari akapiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkweo."

"Marahaba. Mkwe?" Mama akakunja uso. "Kwani nina mtoto wa kuoa?"

"Unaye, mama. Huyu hapa."

Mama akamtazama yule mwanamume mrefu aliyesimama na begi la nguo zake. Alimtazama sana. Kitu kikapita usoni mwake, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Huyu?" akasema. "Amekua lini?"

Begi likaanguka. Mpimaji akalia kwa sauti, bila kujificha, wodi nzima ikageuka.

"Acha kulia, mwanangu. Mbona hamkuniambia kama unaoa?"

"Ndiyo tunakuambia sasa, mama," Mistari akasema.

"Na yeye amekubali? Maana huyu tangu utoto hajibu swali mpaka umchape."

Mpimaji akapiga magoti pembeni ya Mistari, akamshika mkono mbele ya mama yake, mbele ya wagonjwa wote. "Nimekubali, mama. Nimekubali."

"Vizuri." Mama akapapasa kichwa chake, akaridhika, akageukia dirishani. Nje watu walikuwa wanapita na miavuli. Akawatazama kwa muda, na aliporudisha uso, kile kitu kilikuwa kimeondoka. Akamtazama Mpimaji kwa upole, kisha Mistari, kwa mashaka.

"Mume wangu, huyu binti ni nani?"

Mistari aliubana mkono uliokuwa ndani ya mkono wake. Akasogea karibu zaidi.

"Shikamoo, mama," akaanza upya.